Kamba ya Mama Minza

Hata leo nikiingia mahali penye watoto, kabla sijamsalimu mtu, huwa nahesabu. Nahesabu vichwa, kisha nahesabu milango. Kwenye kipaimara cha mjukuu wangu, binti yangu alinivutia kiti akaninong'oneza, "Mama, hapa kila mtoto ana mwenyewe. Kaa chini." Nikakaa. Nikaendelea kuhesabu nikiwa nimekaa.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya watoto wenye usonji, mkiwa na vyeti, picha za kufundishia, na simu za kumuuliza mtaalamu aliye mbali. Sisi tulipoanza pale Igoma, miaka ya tisini, hata neno usonji hatukuwa nalo. Mtaalamu mmoja alikuja kutufundisha wiki mbili, akatuambia ugonjwa huu, ambao akasema si ugonjwa, unaitwa otizimu. Mzee mmoja wa kikundi chetu akauliza inapatikana duka gani la dawa, maana yeye alikuwa ameshazunguka yote ya Mwanza. Tukacheka, naye akacheka. Lakini baadaye nilimwona akiliandika lile neno kwenye kikaratasi na kukikunja vizuri mfukoni, asije akalisahau.

Huyo alikuwa Mzee Idi, fundi cherehani, mtu wa siku nyingi pale mjini. Alikuwa akimlea mjukuu wake Hamisi, na ndiye aliyemleta kikundini kwa baiskeli, mtoto amekaa mbele kwenye fremu kwa sababu nyuma hakukubali kukaa.

Tulikuwa na watoto sita tu, Jumanne na Ijumaa asubuhi, na kila mtoto alikuja na mtu wake. Wazazi hawakuachia watoto mlangoni wakaondoka. Walikaa. Nusu ya kwanza tulikuwa wote pamoja na watoto, nusu ya pili mimi nilibaki na watoto na wao wakakaa chumba cha pili wakaongea. Vyumba vyenyewe vilikuwa ghala la pamba la chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, ushirika ukalegea, ghala likabaki na popo, ndipo tukaombewa tulitumie. Kwenye nyufa za sakafu zilikuwa zimebaki nyuzi za pamba, na mtoto mmoja alitumia mwezi wake wote wa kwanza kuzichokonoa moja moja. Mimi nilitaka kumkatiza, kwa sababu kitabu cha mtaalamu kilisema tumshirikishe mtoto kwenye michezo. Mama Skola akasema, "Mwache amalize. Ghala lenyewe linahitaji kufagiliwa."

Mama Skola ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto kwa miaka mingi, na shule aliishia darasa la nne. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti na mwandiko mzuri ubaoni. Siku yangu ya kwanza nilichuchumaa mbele ya mtoto, nikamshika mashavu ili anitazame, nikamuuliza jina lake. Alinitemea mate usoni. Mama Skola alinipa pembe ya kanga yake nijifute.

"Unamkabili kama polisi," alisema. "Kaa ubavuni mwake. Tazama anachotazama yeye. Ukimuuliza kitu, nyamaza mpaka uone aibu ya kunyamaza, halafu nyamaza tena kidogo."

Hilo la kunyamaza ndilo lililonishinda kwa muda mrefu kuliko yote. Walimu hatukuzoea kunyamaza.

Na huyo Hamisi wa Mzee Idi, alikuwa hakai na shati. Ukimvalisha, analirarua. Kwao walishasomewa dua, na jirani akasema ni jini lisilopenda nguo. Siku moja Mama Skola alichukua shati la mtoto, la mtumba kama yalivyokuwa mashati yetu yote wakati ule, akapitisha kidole ndani ya ukosi. Akamwita Mzee Idi. "Hebu shika hapa." Palikuwa na lebo ngumu ya nailoni, ncha zake kama mkia wa samaki mkavu. Mzee Idi aliitoa kwa wembe pale pale, na Hamisi akavaa shati mpaka jioni.

"Nimeshona nguo za watu maisha yangu yote," Mzee Idi alisema, macho chini, "na sikujua shati linamuuma mtoto wangu mwenyewe." Ijumaa iliyofuata alikuja na wembe akatoa lebo kwenye nguo za watoto wote sita.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba tulikuwa tunajua kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kimenipa kiburi. Sasa niwaambie habari ya Minza.

Minza alikuwa msichana wa miaka saba, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Hakuwa anaongea. Alikuwa anavuma, sauti moja, kama nyuki ndani ya kopo. Hospitali walimpima masikio wakasema mazima. Kilichompendeza kuliko vyote ni kitu kinachotetemeka. Lori likipita barabara ya Musoma, yeye hukimbia kuweka shavu kwenye ukuta wa ghala, na kubaki hapo mpaka mtetemo uishe. Kitu cha pili kilikuwa maji.

Mama yake alikuwa Msukuma wa upande wa Kisesa, mpole, mwenye "habali za asubuhi" za kwao kabisa. Mumewe alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani na akaenda machimboni Geita, akituma salamu mara chache kuliko alivyoahidi. Mama Minza alikuwa peke yake na Minza na kichanga cha mgongoni. Nyumba yao ilikuwa bondeni, ya mwisho kabla ya mashamba, na ukifuata njia ya ng'ombe kutoka pale unafika ziwani.

Jumatano moja nilikwenda kumtembelea nyumbani. Mtaalamu alikuwa ametufundisha kwamba nyumbani ndiko kazi iliko, na alikuwa sahihi. Nilimkuta Mama Minza anafua, na majirani wawili wamekaa wakichambua mchicha. Minza alikuwa chini ya upenu wa jiko. Kamba ya katani ilikuwa imefungwa kwenye kifundo cha mguu wake, na upande wa pili kwenye nguzo. Chini ya kamba mama alikuwa ametanguliza kitambaa cha flaneli ili isimchubue. Kile kitambaa nilikiona, ila sikukitia maanani. Niliona kamba tu.

"Mama Minza," nikasema, hata kabla ya kukaa, "hivi mtoto ni mbuzi?"

Majirani wakaacha mchicha.

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa kamba ya nini?"

"Huyu anakwenda ziwani, Mwalimu. Mara mbili nimemtoa, maji yamemfika hapa." Akagusa kidevu chake kwa mkono wenye povu.

"Ndiyo umfunge? Tuliongea nini Ijumaa? Mtoto wa kufungwa hajifunzi chochote. Ana haki yake huyu kama watoto wengine."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakubisha. Watu wengi wakati ule hawakubishana na mwalimu. Mimi nikachukua ile "ndiyo" kama amekubali. Niliinama nikafungua fundo mwenyewe, nikakunja kamba, na nikaitia kwenye mkoba wangu, niwe na hakika. Jirani mmoja akasema, "Afadhali Mwalimu umesema wewe, sisi tukisema tunaonekana wabaya." Mama Minza akarudi kwenye beseni lake. Minza alisimama, akatikisa mguu, akaanza kuzunguka ua. Nilirudi kwangu nimejaa furaha. Njiani nilikuwa napanga jinsi nitakavyoliandika tukio hilo kwenye taarifa.

Kesho yake nilimsimulia Mama Skola. Alikuwa anakung'uta mikeka. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Umempa nini badala yake?"

"Nimempa ushauri, mama."

"Ushauri unafunga lango?"

"Kwake hakuna lango. Hakuna hata ua wa maana."

Mama Skola aliacha kukung'uta. "Basi mrudishie kamba yake leo. Halafu tukae tufikiri."

Nilikasirika. Nilimwambia, kwa heshima lakini kwa ukali, kwamba mambo ya kufunga watoto ni ya zamani. Yeye akarudi kwenye mikeka yake. Na mimi sikwenda.

Ijumaa Mama Minza hakuja. Nilipoita majina na kufika kwake, hakuna aliyeitika. Watoto walikuwa watano, na niliwahesabu mara tatu kana kwamba nilikosea. Mzee Idi, ambaye makazi yake hayakuwa mbali na kwao, alisema alimwona mama yule amekaa mlangoni pake, hafanyi chochote, anamtazama mtoto tu. "Hata sufuria haijabandikwa," alisema. Ningeweza kwenda siku ile ile. Nilisema nitapita Jumatatu. Mpaka leo hilo neno Jumatatu linanichoma kuliko yale niliyosema mbele ya majirani.

Jumamosi, saa nne asubuhi, baiskeli ilisimama mbele ya nyumba yangu. Mzee Idi alikuwa amesahau kuvaa kofia, na sikuwahi kumwona hadharani bila kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Mwalimu, Minza haonekani. Panda."

Nilipanda nyuma. Sikuuliza chochote njia nzima kwa sababu niliogopa atanijibu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Minza alikuwa amekesha siku tatu akimlinda. Asubuhi ile akaingia chooni. Chooni tu, kichanga mgongoni. Alipotoka, ua ulikuwa mtupu.

Pale ziwani tulikuta watu wengi. Wavuvi walikuwa wametoa mitumbwi miwili na walikuwa wanapitisha upondo taratibu kwenye matete. Wengine waliingia kwa miguu, wameshikana mikono, wakipapasa chini kwa nyayo. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Juu ya jiwe moja kubwa lilikuwa gauni la Minza, jekundu, limekaa kama lilivyovuliwa, ndani nje. Mtu alikuwa ameweka kijiwe juu yake lisipeperuke, na hakuna aliyetaka kuligusa.

Mama Minza alikuwa amekaa mchangani, miguu imenyooka mbele, kichanga kinanyonya. Hakuwa analia. Nilitaka kwenda kukaa naye, nikaishia hatua chache kutoka kwake.

Shemeji yake, Mabula, baba mdogo wa Minza, alikuja akihema. Alikuwa ametoka shamba na jembe bado liko begani.

"Ilikuwaje?" alimuuliza. "Si ulikuwa unamfunga wewe? Ulimwachia kwa nini?"

Nikasubiri. Nilijua atasema nini, na ilikuwa haki yake kusema.

"Nilisahau kumfunga," alisema Mama Minza.

Hivyo ndivyo alivyosema. Hakusema Mwalimu alinikataza. Hakugeuka hata kunitazama. Mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake, na nilinyamaza. Nawaambia hili bila kulipamba: nilinyamaza kwa muda ambao mtumbwi mmoja ulizunguka matete yote na kurudi. Nilikuwa nafikiria watu watasema nini juu ya kikundi. Nilikuwa nafikiria ghala, na mtaalamu, na jina langu. Mtoto yuko majini na mimi nafikiria jina langu.

"Ulisahau!" Mabula alitupa jembe chini. "Kaka yangu yuko ardhini huko anachimba, wewe umekaa hapa unasahau mtoto!" Akainua mkono.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, nikarudia kwa nguvu. "Ni mimi niliyemkataza kumfunga. Nilifungua kamba kwa mikono yangu Jumatano. Kamba iko nyumbani kwangu. Yeye aliniambia mtoto anakwenda ziwani na mimi sikumsikiliza."

Mabula aliushusha mkono polepole. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo."

"Mwalimu wa nini?"

Pakawa kimya kabisa, hata wale wa majini walisimama kututazama. Na katika kimya kile Mama Minza akainua kichwa, kama mbuzi anaposikia kitu.

"Nyamazeni," alisema, ingawa tulikuwa tumenyamaza. "Mnasikia?"

Tukasikiliza. Mwanzoni mimi sikusikia ila maji. Kisha nikasikia mlio, mbali sana, ukija na upepo na kupotea: tu-tu-tu-tu.

"Mashine ya kusaga," Mzee Idi akasema. "Ya dizeli. Zile za umeme leo hazifanyi kazi, umeme hakuna tangu asubuhi."

Mama Minza alikuwa ameshasimama. "Kule kikundini," alisema, akinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, "si anaweka shavu ukutani?"

Akaanza kukimbia, kichanga kinaruka mgongoni. Tukamfuata, mimi, Mzee Idi, Mabula na wengine, kupitia mashamba ya mihogo, tukikata njia. Wavuvi waliendelea kutafuta majini, na walifanya vizuri, kwa sababu hatukuwa na uhakika wowote. Nilikuwa nakimbia huku nasema moyoni, asiwepo, basi asiwepo majini tu, akiwa popote pengine nitaridhika.

Mashine ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati, na mbele yake foleni ndefu ya wanawake wenye madebe, wote waliokimbiwa na umeme. Mama Minza hakuuliza mtu. Alizunguka nyuma.

Minza alikuwa amesimama nyuma ya kibanda, shavu na viganja vyote viwili juu ya bati, amefumba macho. Nywele zilikuwa bado mbichi, vumbi la unga limemganda. Mabegani alikuwa na kanga ya mtu. Alikuwa anavuma, na mvumo wake na wa mashine ulikuwa mmoja, huwezi kutenga.

Mwenye kanga alikuwa mwanamke mmoja wa kwenye foleni. Alisema alimwona mtoto hana nguo, akadhani ni wa mmojawapo wa wanaosubiri kusaga, akamfunika, akarudi kwenye zamu yake. "Nilimwita hakugeuka," alisema. "Nikajua ana deko."

Mabula alitaka kumnyakua. Mama Minza akamzuia kwa kiwiko. Kisha akafanya kitu ambacho sikukisoma popote. Alikwenda ubavuni mwa mtoto wake, akaweka shavu lake mwenyewe kwenye bati, uso kwa uso na Minza, na akakaa hivyo. Hakumshika. Hakumwita. Mashine ilikuwa inatikisa meno yao wote wawili. Baada ya muda Minza alifumbua macho akamkuta mama yake yuko hapo, na akayafumba tena. Ndipo Mama Minza alipoanza kulia, shavu likiwa bado kwenye bati.

Jumapili nilimwandikia msimamizi wetu barua ya kuacha kazi. Niliiandika vizuri, kwa ule mwandiko wangu wa ubaoni. Jumatatu sikula wala kunywa. Jumanne asubuhi nilikaa kitandani nimevaa, barua mkononi, nikisubiri ujasiri wa kuipeleka. Nikasikia hodi.

Alikuwa Mama Minza, kichanga mgongoni, Minza ameshikwa mkono. Sikujua kwamba anapafahamu kwangu.

"Habali za asubuhi, Mwalimu. Leo si Jumanne?"

"Ni Jumanne."

"Mbona umekaa?"

Nilijaribu kuomba msamaha. Nilianza kwa maneno mengi, akanisikiliza kidogo, kisha akanikatiza. "Mwalimu, nimechoka. Sijalala tangu Jumatano ile. Nataka nikae na wale wenzangu nusu saa, mtu mwingine amwangalie. Tunakwenda au hatuendi?"

Tulikwenda. Njiani nilimrudishia kamba yake, mbele ya watu, pale pale barabarani. Nilimuuliza pia kitu kimoja: mbona hakunitaja ziwani? Alifikiri. "Wangekufukuza," alisema. "Halafu Ijumaa nimpeleke wapi?"

Siku ile hatukuimba nyimbo wala kupanga vikombe. Mama Skola aliketisha wazazi wote na akauliza lile swali lake, safari hii kwa kila mtu: tumpe nini badala yake? Na hapo, vijana, ndipo nilipoona kikundi ni kitu gani. Kumbe hata mama mwingine alikuwa anamfungia wa kwake chumbani akienda gengeni, na hakuwahi kutuambia kwa sababu alimsikia Mwalimu akiongea juu ya haki. Mzee Idi alisema yeye hulala na mguu wa Hamisi chini ya mguu wake. Akajitolea kushona njuga ndogo kwenye pindo la gauni la Minza, zilie akitembea. Mama Skola akasema, "Akivua gauni, njuga zitabaki zinalinda gauni." Tukacheka mpaka Mama Minza akacheka. Njuga zikafungwa langoni. Lakini ili ziwepo langoni ilibidi liwepo lango, kwa hiyo Jumamosi mbili Mabula na wazazi wanaume walipanda ua wa minyaa kuzunguka nyumba, wakaweka lango lenye komeo la juu.

Minyaa inachelewa kukua. Mpaka ikue, kamba ilirudi kazini, ila upande wa pili haukufungwa tena kwenye nguzo. Mama Minza aliufunga kiunoni kwake, na akipokewa na mtu, huyo naye aliufunga kiunoni kwake. Kila mzazi alikuwa na zamu yake kwa mwenzake, ili kila mama apate asubuhi moja ya kulala au ya kusukwa nywele.

Tulimpeleka Minza kwa wavuvi, mmoja mmoja, wakamjua kwa sura na kwa jina, wakaonyeshwa jinsi ya kumsimamisha bila kumkamata. Tulimpeleka kwa mwenye mashine, akatuambia mtoto akiletwa na mtu anaruhusiwa ukuta wa nyuma. Jumamosi moja moja nilimpeleka mimi. Watu wa foleni walishazoea kuona mwalimu mzima ameweka shavu kwenye bati.

Barua yangu sikuipeleka. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi baada ya hapo, na sijawahi kulala vizuri usiku wa kuamkia siku ya kikundi. Msije mkamwamini mtu anayewaambia hofu huisha mkishakuwa wazoefu. Ila hofu yangu ilihama. Mwanzo niliogopa kuonekana sijui. Baadaye niliogopa tu kwamba mama ameniambia jambo na sikulisikia. Kwa hiyo mkienda nyumbani kwa mtu mkakuta jambo linalowachukiza, kaeni kwanza. Ombeni maji ya kunywa. Ulizeni lilianzaje, na subirini jibu kwa ule muda wa aibu. Halafu msifungue fundo lolote mpaka mjue mnaacha nini mahali pake.

Kuhusu Minza, kuongea hakuongea. Lakini tulikuwa tumeanza kumfundisha kuomba kwa kitu. Akitaka kunywa, alete kikombe. Akitaka kutoka, alete ndala. Kikombe alikishika ndani ya wiki chache. Ndala ilichukua karibu mwaka mzima, mama yake kila akitoka naye anamwekea ndala mkononi kwanza, kila siku, mvua na jua, mpaka sisi wengine tulikuwa tumeshakata tamaa na hatusemi.

Ilikuwa Ijumaa. Wazazi walikuwa chumba cha pili, lakini mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimekaa mkekani namfunga Hamisi vishikizo, nikahisi kitu kimewekwa mapajani mwangu. Ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto. Minza alikuwa amesimama ubavuni pangu, anatazama nje.

Niligeuka kuelekea mlango wa pili. Wote walikuwa wameona. Mama Minza alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nikajua atakuja amchukue mwenyewe, na ndivyo nilivyotaka.

Hakuja.

"Nenda naye, Mwalimu," alisema. "Ila mkono usimwachie."

Nikanyoosha mkono, na mtoto akaushika. Tukatoka nje, sisi wawili, hatuna kamba, yeye amevaa ndala moja na mimi nahesabu hatua. Tulitembea mpaka kona, tukasimama kuangalia malori, tukarudi.